Pumzi ya Moris

Kaka yangu Msabah hakuoa. Watu wa mtaa wetu wa Malindi, mjini Unguja, walipomuuliza sababu, alijibu kwamba nyumba yetu imeshajaa wanawake: mama, mimi, na Moris. Mama na mimi alitupenda kwa zamu. Moris aliipenda kila siku, na Ijumaa aliiosha kabla ya kujiosha mwenyewe.

Ilikuwa Moris ya boksi, zile zenye kiwiliwili cha mbao upande wa nyuma na milango miwili ya kufunguka kama kabati. Aliifanya teksi ya shamba. Ilisimama Darajani, ikachukua watu na makapu yao hadi Mahonda, Kinyasini na Mkokotoni. Ingekuwa gari zuri kama ingekuwa na nguvu, lakini haikuwa nazo. Kwenye mpando wa baada ya Bububu abiria walikuwa wakishuka wenyewe bila ya kuambiwa, wanaume wakasukuma, wanawake wakafuata nyuma na makapu kichwani wakicheka. Wakati huo gari la Jecha, Pijo, lilikuwa likiwapita kwa honi moja ndefu.

Huyo Jecha alikuwa dereva mwenzake hapo Darajani, mtu mzito wa maneno, na Pijo lake lilikuwa zito vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mwenye gari linalopita akimpigia honi mwenye gari linalosukumwa, ubaya huwa haukosekani, na Msabah alirudi nyumbani kila jioni amenuna.

Mama yetu, Bi Mwanakheir, alikuwa Mtumbatu. Aliletwa mjini mwari, akamfuata baba aliyekuwa mchukuzi bandarini, na baba, Mtumbatu vilevile, alipokufa alirudishwa kisiwani kwao Tumbatu kuzikwa. Tangu siku hiyo mama alibakiwa na mambo mawili tu aliyoyataka hapa duniani, na hakuna jirani ambaye hakuyajua. La kwanza, azikwe Tumbatu ubavuni mwa baba. La pili, azikwe na sanda yake mwenyewe.

Sanda hiyo aliinunua Makka, zamani, alipokwenda hija kwa meli na baba. Aliichovya katika maji ya Zamzam, akaianika, akaikunja, akairudisha Unguja akiwa ameikumbatia njia nzima. Ilikuwa vipande vitano kama ilivyo sanda ya mwanamke: saruni ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani, na shuka mbili za kuzungushia mwili wote. Ilikaa chini kabisa ya kasha lake. Kila mwezi wa Shaabani tuliitoa, mimi na yeye, tukaitandaza juu ya tundu la kufukizia, tukaitia udi. Kisha mama alikuwa akiuchukua ule ukaya, akauvaa kichwani, akajitazama kwenye kioo.

"Wanu, nimependeza?"

"Mama, vua hicho!"

"Ah, we mtoto huna jicho. Kitambaa laini hivi! Siku yenyewe sitaweza kujitazama, basi nnajitazama leo."

Nilikuwa nikikasirika kweli. Mimi sikuzaliwa na subira, na mambo ya kufa kufanyiwa mzaha yalinikera. Sasa ningetoa chochote nilichonacho niulizwe tena swali lile.

Lililomtia hofu mama ni maji ya bahari pale Mkokotoni. Mtu wa Tumbatu hata afie wapi, lazima apitie pale, na pale maji yakitoka yanatoka kweli. Mashua zinalala ubavu matopeni na hakuna wa kuzivusha mpaka maji yarudi. Maiti haicheleweshwi. Atakayefika maji yamekwenda atazikwa Mkokotoni, upande huu, huku kisiwa chake akikiona kwa macho ya watu wengine.

"Gari lako hilo, Msabah," alimwambia siku moja, akiwa amekaa kitandani anashika kifua. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kumtesa. "Mimi nikifa asubuhi, gari lako litanifikisha lini? Litafika maji yashatoka. Mnizike Mkokotoni kama mgeni. Halina pumzi hilo. Na mimi sina. Tutazame nani atatangulia."

Alicheka mpaka akakohoa. Msabah hakucheka. Neno lile lilimwingia, na ndilo lililoanzisha yote.

Kazi ya magari kaka yangu alifundishwa na fundi mmoja wa Kihindi, tuliyemwita Mistri, ambaye aliondoka mwaka wa sitini na nne na masanduku yake, akamwachia Msabah nyundo moja na maneno. Neno moja kati ya hayo Msabah alilipenda kuliko nyundo. Mistri alikuwa akisema kwamba gari halili petroli. Gari linakula hewa. Hewa ndiyo wali, petroli ni kitoweo tu. Ukiliongezea kitoweo bila ya wali, litavimbiwa na kutoa moshi mweusi. Likipewa wali wa kutosha ndipo utakapoona kazi.

Basi Msabah akaifungua Moris uwanjani kwetu. Akanionesha, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumuonesha. Hewa yote ya injini ilikuwa inaingia kupitia kijipipa cheusi kilichokaa juu ya kabureta, ndani yake mna mafuta ya kunasa vumbi. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Isitoshe, kijipipa kilikaa upande uleule wa bomba la moshi, kwa hiyo hewa iliyoingia ilikuwa imeshapata moto.

"Hebu kimbia huku umeziba pua moja, na umeinama juu ya chungu kinachochemka," aliniambia. "Ndivyo inavyopumua hii, masikini."

Akakitupa kile kijipipa. Akachukua madebe ya samli, akayakata, akayakunja, akayachomelea, akapata bomba pana la bati. Kichwa chake kilifunga kwenye kabureta, shingo yake ikapita pembeni ya rejeta, mdomo wake ukatokeza mbele kabisa, chini, juu kidogo ya bampa, mahali ambapo upepo wa safari ungeingia wenyewe ukiwa wa baridi. Akaufungua na mkono wa chuma unaogawa hewa kwenye silinda, akausugua ndani kwa tupa, kisha kwa msasa, siku baada ya siku, mpaka ukateleza kidoleni kama kikombe cha udongo kilichopakwa rangi. Alisema hewa ikikwaruzwa njiani inachoka. Halafu akaongeza petroli kidogo kwenye kabureta, ili kitoweo kilingane na wali.

Siwezi kusema uongo. Alipoiwasha ilikuwa na sauti nyengine. Zamani ilikuwa inakohoa kama mama. Sasa ilikuwa inavuta, kwa kifua kizima, na mama alifungua dirisha akauliza ni gari la nani.

Ilibaki kazi moja, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Mdomo mpana unameza kila kitu, na barabara za shamba zilikuwa na vumbi la kuweza kuisaga injini ikawa unga. Ilihitaji chujio. Spea hazikuwa zikija wakati huo. Alijaribu makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, vumbi likapita. Alijaribu gunia, likapita vilevile. Alijaribu kanga yangu kuukuu, na rangi ya kanga ikawa imeziba vitundu vyote, gari likashindwa hata kutoka uwanjani. Alitaka kitambaa cheupe, laini, kilichofumwa kwa uzi mwembamba, kisicho rangi wala wanga, kinachoruhusu pumzi na kukataa mchanga. Bafta, kwa ufupi. Na bafta mwaka huo wa sabini na moja haikuwepo. Ulikuwa ukienda madukani Darajani unakuta rafu na mwenye duka, mnatazamana.

Sina ustahamilivu wa kuficha, na mambo yenyewe yalishatokea. Alifungua kasha la mama. Mama alikuwa amelala, mimi nilikuwa nimekwenda marikiti. Akauchukua ukaya, kwa kuwa ulikuwa mdogo kuliko vipande vyote, akaukunja mara mbili, akaushona kwenye duara la bati, akaupaka mafuta mepesi ya cherehani ili vumbi linase, akaufunga kwa waya mdomoni mwa bomba. Alijiambia kwamba bafta itakuja. Alijiambia kwamba Shaabani bado iko mbali na kasha halitafunguliwa. Na alijiambia, hili ndilo linaloniuma, kwamba anafanya kwa ajili yake: gari hili ndilo litakalomfikisha mama Mkokotoni maji hayajatoka. Akili nyingi huondoa maarifa.

Nilikiona kile kitambaa. Nilimuuliza.

"Bafta," akasema. "Nimepata kwa mtu."

Kilikuwa kimeshakuwa na rangi ya chai kwa mafuta, vumbi na petroli aliyokuwa akikisafishia. Mimi niliyekitia udi kila mwaka sikukitambua.

Moris ikaruka. Mpando wa Bububu ikaupanda na abiria wote ndani. Siku moja ikalipita Pijo la Jecha karibu na Mahonda, na Msabah akapiga honi moja ndefu, akaja kutusimulia mara tatu jioni ile, na mama akamwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu, sasa nnaweza kufa." Tulicheka sote.

Jecha alikuja kuitazama. Aliinama, akatia mkono kwenye lile bomba la bati, akainuka.

"Mdomo uko chini mno huu, Msabah. Masika yakija gari litakunywa maji."

"Kitambaa kitazuia."

Na kweli kilizuia. Mvua za mwanzo zilipopiga, Moris iliingia kwenye dimbwi hapo Bububu. Kitambaa kikarowa, pumzi ikakatika, gari likazima pale pale kabla maji hayajaingia ndani. Msabah alishuka, akakifungua, akakikamua, akakirudisha, akawasha akaenda zake. Alilileta hilo kama ushahidi dhidi ya Jecha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama alikufa katikati ya masika, baada ya sala ya Alfajiri, ameegemea mto, pumzi inamkatika kidogo kidogo mpaka haikurudi. Nilikuwa nimemshika mkono. Mjomba wetu Kificho, ndugu yake mama, alikuwepo. Alivuka kutoka Tumbatu alipopata habari kwamba dada yake amezidiwa. Alimfumba macho, akatoka nje akatazama mbingu, akarudi akasema yale ambayo mama angetaka yasemwe.

"Leo maji yatajaa baada ya Adhuhuri. Ikiadhiniwa Alasiri yameshaanza kukimbia, na hayo ni maji ya kuelekea bamvua, yakitoka yanatoka mbali, hayabaki. Akishasaliwa tu, tutoke."

Palikuwa na wakati. Nataka ijulikane hivyo. Kama kila kitu kingekuwa mahali pake, palikuwa na wakati wa kutosha.

Bi Sichana ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa wetu. Alikuja na kafuri na pamba zake, tukamwosha mama pamoja, mimi nikimmiminia maji. Mvua ilikuwa inanyesha nje. Alipomaliza alinyoosha mkono bila ya kunitazama, nami nikawa nampa vipande kutoka kwenye kasha.

"Shuka. Na ya pili. Saruni. Kanzu." Akatandaza. "Ukaya."

Nilitia mkono kashani.

"Ukaya, Wanu."

Nilitoa kila kilichokuwemo. Nilitoa kanga zake, buibui lake, viatu vya baba alivyoviweka, chupa ya marashi. Kasha likabaki mbao tupu. Nikakaa pale chini, na ndipo ile rangi ya chai iliponijia machoni. Sijui nilivyofika uwanjani. Msabah alikuwa anapangusa mbao za nyuma ya Moris, pale litakapokaa jeneza, na machozi yanamtoka.

"Uko wapi ukaya wa mama?"

 Macho yake hayakuja kwangu. Yalikwenda mbele ya gari, chini, juu ya bampa.

Nilimpiga. Kaka yangu mkubwa, mbele ya wafiwa, nilimpiga kwa mikono miwili kifuani, naye akasimama akapigwa. Kisha akapiga magoti matopeni na koleo, akafungua waya, akafumua uzi, akanipa mkononi mwangu ukaya wa Bi Mwanakheir, mweusi, una duara katikati.

Palitokea watu wa kheri. Jirani mmoja alikwenda Darajani mbio akarudi mikono mitupu. Mwingine akaleta foronya. Bi Sichana akasema yeye ana ukaya wake wa akiba, tuutumie, Mungu atampa mwingine. Nilikataa. Mama alitaka wake. Alitaka mambo mawili tu, na hili moja lilikuwa mikononi mwangu.

"Basi ufue," alisema Bi Sichana. "Mafuta ya gari si najisi. Nguo ikiwa safi yatosha."

Niliufua kwa sabuni ya mche. Niliusugua kwa ndimu. Niliufua tena. Weusi ulitoka, ikabaki kijivu, na lile duara halikutoka. Kisha ukawa haukauki. Mvua haikutupa hata mwanya. Nikatia makaa kwenye pasi nikaupiga pasi mpaka mvuke ukawa unanichoma uso. Wanaume walikuwa wameshasali Adhuhuri zamani, wamekaa msikitini wanangoja jeneza. Mjomba Kificho alikuja mlangoni mara kwa mara, anatazama mbingu.

Tulipomvalisha, duara liliangukia juu ya paji la uso wake. Bi Sichana alijaribu kuligeuza upande, likatokea sikioni. Akaliacha.

Alisaliwa, na jeneza lilipokuwa linatiwa ndani ya Moris nilimfuata Msabah mbele ya gari. Lile bomba lilikuwa wazi, jeusi ndani. Nilivua kanga ya begani.

"Funga hii."

"Kanga inaziba, Wanu. Unakumbuka." Alinirudishia kanga. "Safari moja tu. Vumbi hakuna, mvua imelilaza lote. Hapana kitu kitakachoingia."

Aliyoyasema yote yalikuwa kweli. Kulikuwa hakuna vumbi. Alisahau kwamba kitambaa kile kilikuwa kikizuia kitu kingine.

Alichukua jeneza, mjomba, na vijana wawili wa Kitumbatu wanaofanya kazi bandarini. Mimi na Bi Sichana tulipanda Pijo la Jecha, aliyekuja mwenyewe bila ya kuitwa. Wanawake hatuendi kaburini, lakini msiba ulikuwa ukawekwe Tumbatu na mimi nilikuwa nimevaa tayari kuvuka na mama yangu. Tulitoka.

Sitaisahau ile safari. Moris ilikuwa mbele yetu, na ilikuwa inakwenda! Haikuwa na kitambaa cha kuizuia hata kidogo, na tuliisikia ikivuta hewa juu ya ngurumo ya Pijo. Bububu tuliipita, mpando tukaupanda, Mahonda tukaipita. Jecha alikuwa anakanyaga mafuta kumfuata.

"Leo inapumua," alisema. Ndilo neno pekee alilolisema.

Nami, na hasira yangu yote, nilijihisi nafurahi. Nilisema moyoni: mama, unaona? Utafika.

Kabla ya Kinyasini barabara inashuka kwenye bonde la mpunga. Mvua ya siku zile ilikuwa imelijaza, na maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara, mekundu, yanakwenda taratibu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hayakuwa mengi. Ng'ombe alikuwa amesimama ndani yake, hayamfiki magotini. Jecha alikanyaga breki tangu juu. Msabah hakukanyaga. Aliingia nayo vile vile, na maji yakainuka mbele ya bampa kama ukuta, na ule mdomo uliokuwa chini, ulio wazi, ukanywa.

Tulisikia kishindo kimoja, kama mchi uliopigwa kwenye kinu kitupu. Kisha tukasikia mvua.

Jecha aliyapita maji yale kwa mwendo wa miguu, akasimama ng'ambo, akarudi, yeye na wale vijana wakaisukuma Moris mpaka pakavu. Msabah alifungua boneti, akafungua plagi. Akatia hendeli mbele akazungusha, na maji mekundu yakaruka kutoka kwenye silinda hadi kifuani mwake. Akazungusha tena. Ikazunguka nusu, ikagonga chuma kwa chuma, ikakataa. Akaweka hendeli chini.

"Umepinda," alisema. "Mkono wa pistoni umepinda. Haiwaki tena hii."

Jeneza halikuweza kuingia katika Pijo, tulijaribu. Basi Jecha akaifunga Moris kwa kamba ya makumbi nyuma ya gari lake. Tukaondoka tena, sasa Pijo mbele, Moris nyuma, mama ndani yake, na Msabah ameshika usukani wa gari lililokufa. Kamba ilikatika baada ya Kinyasini. Ikafungwa. Ikakatika tena mbele kidogo, na mara ya tatu ikabidi vijana waende vijijini kuomba kamba nyengine. Alasiri iliadhiniwa tukiwa njiani. Niliisikia kutoka kwenye msikiti wa makuti na sikuitika, Mungu anisamehe. Nilikuwa nahesabu maji.

Tulipofika Mkokotoni jua lilikuwa limeinama na mvua imekatika. Kila kitu kilionekana vizuri, na afadhali kisingeonekana. Tope lilikuwa limetandaa tangu miguuni petu hadi mbali. Mashua aliyoiweka mjomba ilikuwa imelala ubavu katikati yake, kamba ya nanga imelegea. Ng'ambo, Tumbatu ilikuwa kijani kibichi, karibu hata nikaona moshi wa majiko ya jioni.

Wale vijana walisema walibebe jeneza matopeni mpaka penye maji. Mjomba Kificho aliingia kujaribu, akazama hadi mapajani, wakamtoa kwa kumvuta. Maji yangerudi usiku mkubwa. Wazee wa Mkokotoni walikuja, wakasimama, wakashauriana kwa upole. Maiti ameshinda kutwa nzima; asilazwe na usiku juu ya ardhi. Waislamu ni ndugu na ardhi yote ni ya Mungu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaitika kwa kichwa, kisha akaligeukia jeneza akasema, "Dada, tumeshindwa." Akalia kwa sauti, mzee wa watu.

Wanawake walituchukua, mimi na Bi Sichana, wakatuweka katika nyumba moja karibu na hapo. Tulisikia wanaume wakipita na jeneza wakitaja jina la Mungu, sauti ikipungua. Sikulia. Nilikuwa nayapanga matusi. Tangu bondeni nilikuwa nayapanga, moja juu ya moja, nitakayomwambia Msabah, na nilikuwa nayo ya kumtosha maisha yake yote.

Alikuja kabla ya Magharibi. Alisimama nje ya mlango wa nyuma, akaniita.

"Wanu."

"Naam."

Nilitoka. Kanzu yake ilikuwa tope tupu hadi shingoni. Mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake. Ndiye anayefungua vifundo vya sanda, akamfunua uso, akamlaza shavu lake juu ya mchanga. Alikuwa ameyafanya yote hayo. Alikuwa ameninyooshea mikono, viganja juu, kama mtu anayeonesha kwamba havina kitu.

"Nilimfunua ukaya," alisema. "Niliinama nimlaze. Kafuri sikuisikia, Wanu. Udi sikuusikia." Akavitazama viganja vyake. "Mama ananukia petroli."

Matusi yangu yote yalikuwepo, tayari, ulimini. Nilitazama mikono yake. Nikavua kanga ya begani, ile ile aliyoikataa, nikaanza kumfuta.